Dawa ya Mama Tanga

Jumanne, 8 Aprili

Daftari hili nililinunua niandike mauzo, lakini kwa siku nne nilizokaa hapa mauzo hayajajaza hata mistari mitatu, basi acha niandike maneno. Mie Mwanahawa binti Shekue, mtu wa Muheza, mkoa wa Tanga, miaka arobaini na mitatu. Nipo Kakamega, Kenya, na magunia matano ya mdalasini, karafuu, iliki na pilipili manga, na sina wa kupiga naye soga. Safari hizi za masika alikuwa akizifanya shemeji yangu. Mwaka huu mgongo umemlaza, nikajitia ubingwa nikasema nitakwenda mie. Haya, ndiyo nimefika.

Nimepanga chumba kwa mama mmoja mjane, Khalayi, nje kidogo ya soko la Lubao. Mbele ya nyumba mahindi, nyuma miwa. Asubuhi nilimwamkia shikamoo, akaweka ndoo chini.

"Rudia hiyo," akasema.

Nikarudia. Akacheka mpaka akajifuta machozi kwa leso, kisha akaenda kumwita jirani aje asikie. Kabla ya chai nilikuwa nimeamkia watu watatu, wote kwa maombi maalumu.

Mvua imeanza saa tisa alasiri na mpaka sasa magharibi haijakoma.

Alhamisi, 10 Aprili

Siku ya soko. Hakuna aliyeniambia kwamba Lubao siku ya Alhamisi wanauza mbwa. Mbwa, jamani! Wamefungwa kamba, wanabweka, wanunuzi wanawafungua vinywa kukagua meno, na nafasi niliyopewa mie iko hatua kumi kutoka kwao. Nimeshinda nimekunja dera langu magotini.

Mwenye mbwa wengi anaitwa Jairus, mwanamume mrefu, mzaha mwingi. Nilimwambia, "Samahani kaka yangu, naomba unisogezee huyo kidogo." Basi akaita wenzake. "Kujeni mskie huyu mama! Anaongeanga kama mtu wa redio!" Wakaja kama kumi. Mmoja akampigia mkewe simu, akaniwekea mdomoni, "Hebu mwambie karibu mteja." Nikasema karibu mteja. Huko ndani ya simu mwanamke akapiga kelele ya furaha. Niliona haya mpaka masikio yakanichoma, lakini iliki ilinunuliwa.

"Umetoka Tanzania wapi?" Jairus akaniuliza.

"Tanga."

Akarudi nyuma hatua moja, nusu anacheza, nusu sijui. "Tanga yenyewe? Mama, hapa kila nguzo ya stima imebandikwa karatasi, mganga kutoka Tanga, anarudisha mpenzi, anashika mwizi. Kumbe ni nyinyi?"

Nikamwambia mie nauza viungo vya pilau. Wote wakacheka, na mie nikacheka nao.

Jumapili, 13 Aprili

Mvua saa tisa. Kila ninapopita watoto wanasema "shikamoo, Mama Tanga," wakubwa nao wanageuka. Hata kuchota maji siwezi bila kutazamwa.

Alhamisi, 17 Aprili

Jirani yangu wa sokoni, Beverlyne, anauza mboga, saga na mrenda. Leo alikuja shavu limevimba, jino. Anauza huku analia. Nilimhurumia, nikampa karafuu mbili azibane kwenye jino, jambo ambalo kwetu hata mtoto wa darasa la pili anakufanyia. Saa saba mchana aliinuka katikati ya soko.

"Aki Mama Tanga ameniponya! Hajanigusa ata! Amenipa tu kitu kidogo, jino imenyamaza!"

Nikamvuta aketi. Nikamwambia ni karafuu, ile ile ya chai. Akanitazama kwa huruma, akaninong'oneza, "Sawa. Sitasema."

Kumbe hapo alikuwa amekwisha sema.

Jumamosi, 19 Aprili

Watu watatu wamenifuata nyumbani. Tumbo, mgongo, na mmoja ng'ombe wake hashiki mimba.

Alhamisi, 24 Aprili

Leo nimekana. Nimesimama juu ya kreti ya soda nikasema kwa sauti, "Jamani, mie si mganga, sijawahi kuwa mganga, na babu yangu hakuwa mganga!" Walinisikiliza kwa adabu kabisa. Halafu mzee mmoja akamwambia mwenziwe, "Wa ukweli hajitangazi." Mwenziwe akatikisa kichwa, naam, ni kweli. Nikashuka. Nikauza mdalasini mpaka nikarudi nyumbani na gunia tupu.

Sasa ningefanyaje? Mtu anakuja na fedha yake, anataka mdalasini, nami nauza mdalasini. Nimpe hotuba?

Ijumaa, 2 Mei

Niandike ukweli, kwani daftari hili atalisoma nani. Nimeanza kupenda. Muheza nikipita sokoni hakuna anayegeuka. Mie ni mtalaka wa fulani, dada wa fulani, basi. Hapa mwalimu mkuu wa shule amesimamisha baiskeli yake kunisalimia, na amenisalimia kwa vyeo. Leo nimejikuta nazungumza polepole kuliko ninavyozungumza, navuta maneno, kwa sababu nimeona wanayapenda yakivutwa. Na wale wanaonunua nawafungia kwenye karatasi ndogo ndogo, nawaambia, "Asubuhi, kabla hujala." Nani aliniuliza habari ya asubuhi? Hakuna.

Jumatatu, 5 Mei

Khalayi amenichinjia kuku. Jogoo mwenyewe hakumgusa kwanza. Alivuka mvua akaenda mpaka barabarani kumwita yule Mwislamu wa duka la misumari aje amchinje, kwa sababu alisikia sisi hatuli hivi hivi. Mama wa watu, miaka hamsini na nane, miguu imevimba, kwa ajili ya mpangaji. Akanikatia obusuma, ugali wao, kipande kikubwa akaketi kunitazama nikila.

"Kula, mwanangu. Mtu akitoka mbali hivyo, wenyeji ndio mama yake."

Nimekula mpaka nimeshindwa kuinuka.

Ijumaa, 9 Mei

Khalayi ana presha, ya miaka mingi. Leo jioni jikoni amelalamika kwamba vidonge vya hospitali vinamkimbiza chooni na kumtia uchovu, akaniomba ya kwangu. Nikasema mama, hivi ni viungo tu. Akasema ndiyo, najua, nipe hivyo viungo. Nikamchanganyia mdalasini, karafuu na tangawizi. Akauliza, "Na hausemi kitu juu yake?" Kusoma aya ya Mungu kwa uongo niliogopa, basi nikachezesha midomo nikataja vituo vya basi kutoka Muheza hadi Tanga. Mkanyageni, Pongwe, Kange, Majani Mapana. Akafumba macho na kusema amina. Nimeingia chumbani nikacheka mto mdomoni.

Jumanne, 13 Mei

Mvua ya mawe. Majani ya mahindi yamechanika.

Jumatano, 14 Mei

Mvua.

Alhamisi, 22 Mei

Khalayi amenikuta sokoni na wanawake wanne wa kanisani kwake. Anatembea haraka, anacheka. "Huyu ndiye," akawaambia, akanishika bega mbele za watu. "Wiki mbili tu, na sisikii kuchoka tena. Ata kwa choo silali tena." Wakaniangalia wale wanawake kwa namna ambayo sijawahi kuangaliwa maishani. Jairus akapiga mluzi kutoka kwa mbwa wake.

Nilipaswa kusema kitu. Nilipima unga wa mdalasini.

Jumapili, 1 Juni

Mvua. Khalayi anasema kichwa kizito kidogo, ni hii baridi. Nimemwongezea tangawizi.

Jumamosi, 7 Juni

Idi ya kuchinja, na mie peke yangu. Khalayi amenipikia wali, akautia chumvi mara mbili, akaniimbia wimbo wa kanisani ili nisijione mpweke. Jicho lake la kushoto limeiva damu. Nikamuuliza, jicho vipi? Akasema vumbi. Masika haya, vumbi la wapi? Nilitaka kumuuliza kitu kingine, kikafika kwenye ulimi, nikakimeza pamoja na wali.

Alhamisi, 12 Juni

Soko zuri. Zimebaki karafuu na iliki kidogo tu. Mwanzoni mwa Julai nitarudi kwetu, inshallah.

Jumapili, 22 Juni

Nisipoandika leo nitaanza kujidanganya kama nilivyozoea.

Ijumaa nilitoka msikitini mjini nikafika nyumbani saa tisa kasoro, mawingu yameshuka. Uani kulikuwa na watu watano, na Ignatius mbele yao. Ignatius ni mdogo wa marehemu mume wa Khalayi, ndiye mkubwa wa ukoo huo, mtu mkimya, hata kunisalimia hunisalimia kwa kichwa. Aliponiona uso wake ukafunguka.

"Afadhali umefika. Ingia. Toa ile kali."

Khalayi alikuwa ameketishwa chini jikoni, ameegemezwa ukutani. Mdomo umekwenda upande. Mkono wa kuume umelala pajani kama si wake. Aliponiona alijaribu kusema, ikatoka sauti tu, na mate. Nilijua papo hapo. Hakuna mtu aliyehitaji kunieleza.

"Hospitali," nikasema. "Baba, tafuteni gari, sasa hivi."

Hakuna aliyesogea. Ignatius akasema kwa upole, "Sema tu unataka nini. Kondoo iko. Ukitaka ng'ombe, tutaongea."

"Sitaki kitu! Mie si mganga!"

"Wiki sita umempa dawa akawa anatembea kama msichana. Leo amelala ndio wewe si mganga?"

"Baba, ile ni ya pilau. Ni mdalasini. Naapa kwa Mungu."

Mwanamke mmoja akasema, "Anatupima. Wao hupimanga watu hivyo kwanza." Wenzake wakaguna kukubali. Na kweli, jamani, kadiri nilivyolia ndivyo walivyoamini. Nilipiga magoti, wakaona ni sehemu ya kazi, wakarudi nyuma kunipa nafasi. Mmoja akavua kofia. Khalayi ananitazama kwa lile jicho, ananingoja mie. Mvua ikaanza kupiga mabati.

Sikuwa na kitu kingine. Nikachukua simu nikampigia mama yangu Muheza, nikaweka sauti ya nje, nikatoka nikaiinua juu uani, chini ya upenu, ili wote wasikie.

"Mama, waambie watu hawa. Mie ni mganga?"

"Mganga nani?"

"Mie. Waambie."

Mama akacheka. Mama yangu akicheka husikika nyumba ya tatu. "Wewe Mwanahawa? Wewe uliyeshindwa kunitoa mwiba wiki nzima mpaka akaja mtoto wa jirani? Uganga umeupata basi gani? Nani kakuzulia hayo?" Halafu sauti yake ikashuka, nadhani alisikia pumzi yangu. "Kuna mtu anaumwa hapo?"

"Mama mwenye nyumba. Ana presha. Mdomo umekwenda upande."

"Yarabi. Na vidonge vyake alikuwa anameza?"

Nikageuka nikatazama mlango wa jikoni.

"Mwanahawa. Nakuuliza. Mie presha ninayo miaka tisa. Kila asubuhi unanitolea kidonge kwa mkono wako, nikikataa unanifokea, unaniambia mama utapooza. Huyo mwenzangu ulimwacha asimeze?"

Watu wote waliisikia. Mama hakujua kwamba anawaambia watu wote, alikuwa ananiuliza mie. Nikakata simu. Singeweza kuvumilia neno lingine.

Ignatius alinitazama. Sikuwa nimewahi kutazamwa hivyo hapa, na nimetazamwa sana.

"Kwa hivyo wewe ni muuza viungo."

"Muuza viungo tu, baba."

"Na ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alinigeukia mgongo akapaza sauti, "Jairus aitwe, aje na gari!"

Jairus alikuja na pikapu yake ya mbwa, hata kuiosha hakuwahi. Tukamlaza Khalayi nyuma juu ya godoro langu, nami nikaingia, hakuna aliyenikaribisha na hakuna aliyenishusha. Nilishika turubai juu ya kichwa chake njia nzima. Ilikuwa imepotea kama saa nzima, saa ambayo walikuwa wananibembeleza mie.

Hospitalini daktari alisema kiharusi. Akauliza kama alikuwa anatumia dawa za presha. Ignatius akanielekezea kidole bila kunitazama.

"Muulize huyo."

Nikamweleza daktari, na muuguzi, na mtu aliyekuwa anapiga deki akaacha kupiga deki ili asikie.

Jumatatu, 23 Juni

Yu hai. Hazungumzi bado.

Ignatius amekuta kopo la mafuta ya kupikia chini ya kitanda cha Khalayi, limejaa vidonge. Alikuwa anakwenda kuvichukua dispensari kila mwezi kama kawaida, hakutaka yule muuguzi wa pale ajisikie vibaya. Anavirudisha nyumbani, anavimimina koponi.

Tarehe 9 Mei sikuandika yote. Nimefungua ukurasa ule nimeusoma, unachekesha, na nimeuonea kinyaa. Baada ya amina Khalayi aliniuliza kitu. Aliniuliza hivi, "Sasa vile vya hospitali niache?" Aliniuliza mara moja, kwa sauti ya kawaida. Nami nilikuwa najua jibu, nalijua miaka tisa. Sikusema acha. Sikusema usiache. Nilikoroga chai yake, nikamwekea sukari, nikamkabidhi. Niliogopa nikisema meza vidonge vyako, ataona kumbe dawa yangu si kitu, na ule mkono aliokuwa ameniwekea begani jioni ile utaondoka.

Hilo tu ndilo lililonifanya ninyamaze. Nimeandika sasa.

Alhamisi, 26 Juni

Nimekwenda sokoni kwa sababu kukaa ndani ni kubaya zaidi. Habari ilifika kabla yangu. Hakuna aliyeniita Mama Tanga, watoto wamevutwa mikono. Hakuna aliyenitukana pia. Wananipa njia nipite, pana, kama napita na kitu kinachonuka.

Beverlyne amehamishia mboga zake ng'ambo. Alipita mara moja, akasema chini chini, "Lakini jino yangu ilipona kweli." Nikamwambia ni karafuu, Beverlyne. Akasema, "Ndio, uliniambia."

Alikuja mtu wa Kabras, kofia machoni, anataka dawa ya mkewe. Nikamwambia sina, mie si mganga, nenda hospitali. Akanikonyeza. "Naelewa. Wamekukataza." Alitoa fedha, nikafunga gunia. Akakaa pale karibu nusu saa ananingoja nibadili nia.

Jairus alikuja akachuchumaa karibu. Leo hana mzaha.

"Mimi ndio nilianzisha hii maneno," akasema. "Mtu akininunulia mbwa namwambianga apite kwako. Nilidhani nakusaidia tu biashara."

"Wewe ulitania. Mie nilikubali."

Akavuta majani chini, akarudi kwa mbwa wake. Nilikuwa nimemwona mtu wa ovyo, na sasa huyo peke yake ndiye amekuja kubeba lililo lake.

Jumamosi, 28 Juni

Lynette, binti wa Khalayi, amefika kutoka Nakuru anakofanya kazi dukani. Alinikuta uani nafua mashuka ya mama yake. Akayachukua mikononi mwangu, yakiwa na povu.

"Mimi sikuiti Mama Tanga. Nakuita Mwanahawa. Kesho nikitoka kanisani nisikupate hapa."

"Nikamwombe msamaha kwanza. Nikamwambie mwenyewe kwa mdomo wangu."

"Umeambia watu wote. Umeambia ata mwenye kupiga deki. Mama yangu ndio ulisahau kumwambia mapema." Machozi yalikuwa yanamtoka na hayafuti. "Usikanyage kwa hiyo wodi."

Ana haki. Nimefunga vitu.

Jumatano, 2 Julai

Nipo mjini, chumba juu ya duka la viatu. Mvua imepungua, saa tisa imepita kavu. Nasikia Khalayi ametolewa hospitali. Nasikia anazungumza kidogo.

Jumanne, 8 Julai

Nimekata tiketi ya keshokutwa. Nimeamua nikipenda nisipende, kesho nakwenda kwa Khalayi. Lynette akinifukuza nitasimama barabarani nipaze sauti mpaka mama asikie. Nitamwambia, mama, nilikudanganya, nilinyamaza, nisamehe au usinisamehe, lakini meza vidonge vyako. Siwezi kuvuka mpaka wa Namanga na neno hili kifuani. Nimeyasema maneno hayo ukutani mara nyingi leo ili nisibabaike.

Jumatano, 9 Julai

Sikuhitaji kwenda kupaza sauti. Saa mbili asubuhi aliyegonga mlango alikuwa Lynette. Amekonda. Hakuketi.

"Mama amekataa dawa. Siku ya nne leo. Anazitema."

"Kwa nini?"

"Anasema hizo za hospitali ndizo zilimpindua mdomo. Anasema anangoja zako." Akatazama ukuta. "Jana dispensari wamempima, presha imepanda tena. Wamesema ikiendelea hivi, kiharusi cha pili hakitamwacha. Mimi nimejaribu. Baba mdogo Ignatius amejaribu. Pasta amekuja. Vaa viatu."

Nikamfuata. Karibu na lango akasimama. Mahindi yamebeba, yamenipita kimo.

"Nilikuja na maneno yangu," nikamwambia. "Nataka kumwambia ukweli."

"Najua. Nilimwambia mwenyewe, kila kitu. Baba mdogo pia alimwambia. Unajua alisema nini? Alisema ni unyenyekevu, mganga wa kweli hukana." Akanishika mkono, mara ya kwanza kunigusa, akanishika kwa nguvu. "Ukimwambia leo wewe mwenyewe, atakuamini. Halafu hatameza za mtu yeyote. Hatakuwa na wa kuamini. Umeelewa?"

Nilielewa. Nilisimama pale nikiwa na maneno yote niliyoyazoea ukutani.

Khalayi yuko kitandani, dirisha wazi, leso mpya kichwani. Nusu ya uso ikacheka aliponiona, nusu nyingine haikuweza. Nikasema shikamoo mama. Akainua mkono wa kushoto, akanionyesha nirudie. Nikarudia.

"Walisema umeenda," akasema. Maneno yanamtoka mazito, yameungana. "Nikasema hapana. Hawezi kuniacha."

Lynette alikuwa ameviweka vidonge kwenye kisahani, viwili vyeupe, amevitoa kwenye pakiti nje ili asiione. Akanipa mie. Nikaketi ukingoni mwa kitanda. Khalayi akavitazama, akanitazama.

"Hizi ni zako?"

Lynette aligeuka akatazama dirishani. Nilidhani nitalia, na kama ningelia angejua.

"Ni zangu, mama."

Akafungua mdomo. Nikaviweka ulimini kimoja kimoja, nikamshikia kikombe, maji mengine yakamwagika shingoni, nikamfuta. Akameza vyote viwili. Kisha akaukamata mkono wangu kwa ule wake mzima, akaubusu katikati ya kiganja.

"Na uniambie ukweli, kwa sababu wewe hujawahi kunidanganya," akasema. "Nitapona?"

Nikamwambia atapona akimeza kila siku asiruke. Akasema atameza, mradi anayempa ni mie.

Nje, uani, Lynette aliniambia kile chumba changu bado kitupu, nilete vitu vyangu kabla ya jioni, kwa sababu vidonge vingine ni saa mbili usiku. Tiketi nikairudishe au niitupe, ni juu yangu. Halafu akasema asante. Nilisubiri aongeze kitu kingine juu yake, tusi au nini, hakuongeza, basi nikaitikia.